Shule Zilizomngoja Siwema

Paukwa.

Pakawa.

Nyie wa nyuma sijawasikia. Mnatafuna nini huko? Paukwa.

Pakawa.

Haya, kaeni vizuri. Mkubwa asimwegemee mdogo, na mdogo asisinzie kabla nyati hawajaingia.

Hapo zamani za kale, wakati ukungu ulikuwa bado haujaamua kama ni maji au ni hewa, palikuwa na nchi iitwayo Bondeni. Katikati ya Bondeni palikuwa na chemchemi. Kila mnyama alikunywa pale. Ulinzi wake ulikuwa wa zamu. Wanyama walikaa kikao, wakubwa kwa wadogo, wakachagua wa kulinda. Leo twiga, kesho swala. Hata panya aliwahi kulinda, na maji hayakupungua.

Kikaja kiangazi. Kiangazi kikali. Majani yakakauka, ukiyakanyaga yanalia kakara, kakara. Wanyama wakaingiwa na hofu. Jemadari Nyati akasimama kikaoni, akasema, "Niachieni mimi na askari wangu chemchemi hii. Tutailinda mpaka mvua inyeshe. Ikinyesha tutaondoka, nanyi mtachagua tena."

Wakampa. Nani angemnyima? Mwenye nguvu mpishe.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha pwa, pwa, pwa. Vyura wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Wanyama wakaenda kwa Jemadari, wakasema, "Jemadari, mvua imenyesha."

Jemadari Nyati amesimama pale, maji yanamchuruzika puani, kwato zimezama topeni. Akasema, "Huu ni umande."

Ikanyesha tena mwaka uliofuata. "Huu ni umande." Mto ukafurika, ukabeba magogo. "Umande mwingi kidogo," akasema Jemadari. Na wanyama wazima, wenye ndevu zao, wakajitazama walivyolowa, wakaambiana, "Labda ni umande kweli." Chekeni, lakini chekeni kidogo. Woga ukikupata na wewe utauita mto umande.

Sasa, Bondeni palikuwa na shule juu ya mwamba mpana. Vijana wa kila aina walisoma pale. Mwalimu wao alikuwa Bi Mbayuwayu. Bibi huyu hakuwa mwenyeji. Mbayuwayu ni ndege wa nchi nyingi. Msimu mmoja alifundisha Bondeni, msimu mwingine alifundisha Ng'ambo ya Mchanga, katika shule ya Bwana Korongo. Alikuwa mdogo wa mwili na msahaulifu wa kila kitu, isipokuwa majina ya wanafunzi wake. Hayo alikuwa akiyataja hata usingizini.

Na katika shule zote za wanyama, za nchi zote, palikuwa na desturi moja. Asubuhi mwalimu huita majina. Aitwaye hujibu, "Nipo." Asipojibu, mwalimu huuliza, "Yuko wapi?" Na anayejua lazima aseme. Anaumwa. Kaenda msibani. Kalala, mvivu huyo. Jibu likipatikana, masomo huanza. Lisipopatikana, hayaanzi. Watu husubiri, hata jua lizame. Jina likishaitwa haliachwi hewani.

Mbele kabisa ya darasa alikaa Siwema. Siwema alikuwa digidigi, miguu kama vijiti, macho makubwa. Siku moja darasa zima linalowa, akauliza, "Mwalimu, hiki kinachotulowesha ni nini?"

"Wewe waonaje?"

"Naona ni mvua."

"Basi umejijibu mwenyewe," akasema Bi Mbayuwayu.

Siwema akawaza. Akawaambia wenzake. Wenzake wakawaza. Asubuhi moja wakashuka mwambani wote, taratibu, wakaenda kukaa kuizunguka chemchemi. Hawakubeba hata fimbo. Alikuwapo swala, alikuwapo ngedere, alikuwapo kware aitwaye Mbaruku, mwenye sauti ya kukwaruza kuliko zote. Wakaimba maneno yao mawili tu. Mvua imenyesha, kikao kirudi. Mvua imenyesha, kikao kirudi.

"Ondokeni," akasema Jemadari.

"Mvua imenyesha, Jemadari," akajibu Siwema. "Kikao kirudi."

Gidi, gidi, gidi. Askari wakaja mbio, pembe chini. Vumbi halikupanda, maana ardhi ilikuwa imelowa. Wengine wakakimbia. Wengine wakaanguka. Waliobaki wakaswagwa ndani ya boma la miiba nyuma ya chemchemi, wakaambiwa atakayetoa sauti atakanyagwa.

Bi Mbayuwayu alishuka mpaka kwenye pembe ya Jemadari. "Jemadari, wanafunzi wangu wako wapi?"

"Wanafunzi gani? Shule ile haikuwa na wanafunzi." Jemadari akatikisa kichwa, ndege akayumba. "Nawe ni mgeni hapa. Msimu wako umekwisha. Nenda zako."

Akaenda. Angefanya nini, na yeye uzito wake ni wa jani? Akaruka huku analia. Akapita juu ya milima, akapita juu ya mawingu, akaufikia mchanga usio na mwisho. Mbayuwayu hulala huku wanaruka, ndivyo walivyoumbwa. Basi akalala, na usingizini akaita majina. Siwema. Kila alipoita jina, wingu moja likainuka likamfuata. Mbaruku. Likainuka jingine. Yakamfuata yote, yanakwenda polepole, meupe, hayana miguu. Akafurahi. Akasema, kumbe tuko pamoja. Alipoamka yalikuwa mawingu tu.

Alipofika Ng'ambo ya Mchanga, Bwana Korongo alimpokea kwenye matete, amesimama kwa mguu mmoja kama kawaida yake.

"Shikamoo, Bwana Korongo."

"Marahaba, Bi Mbayuwayu. Pole na safari. Habari za Bondeni zimetufikia. Lakini ya Bondeni tuyaache Bondeni. Sisi ni watu wa elimu, hatuingilii chemchemi za watu."

Bi Mbayuwayu alikuwa amechoka. Akaitikia kwa kichwa, akalala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hata huoni mkia wako. Wanafunzi wa Korongo wakakaa. Bi Mbayuwayu akasimama mbele yao, akafumbua kinywa kuita jina la kwanza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Ulimi ukajikwaa.

"Siwema," akaita.

Kimya.

Wanafunzi wakatazamana. Bwana Korongo akashusha mguu wa pili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Bi Mbayuwayu, hapa hatuna Siwema. Umekosea jina."

Bi Mbayuwayu alitaka kuomba radhi. Kisha akaona kwamba hataki. "Nimekosea shule, Bwana Korongo. Jina sijakosea."

"Basi lifute, tuanze."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Jina likishaitwa?"

Korongo akakohoa. Alikuwa mzee wa desturi, huyo, desturi ilikuwa uti wa mgongo wake. "Haliachwi hewani," akasema kwa shida.

"Basi. Siwema yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Masomo hayakuanza.

Mwanzoni vijana walifurahi, si mnawajua. Siku nzima bila hesabu. Lakini kile kimya kilikuja kikakaa katikati yao, mahali ambapo angekaa Siwema. Kikakaa tu, kinatazama. Ilipofika mchana hakuna aliyekuwa anacheka. Kifaranga cha mbuni kikauliza, "Mwalimu, Siwema ni nani?"

Akawasimulia. Akawaeleza juu ya mvua na umande, juu ya kwato na boma la miiba. Wakasikiliza mpaka ukungu ukarudi. Kesho yake wakamwita tena. Siwema. Kimya. Kesho kutwa vilevile.

Bwana Korongo akakasirika. Lakini aliyemkasirikia si Bi Mbayuwayu, ni yule aliyelikalia jibu. "Mimi nataka shule yangu ianze," akasema. Akampa njiwa swali, njiwa akaenda nalo Bondeni: Siwema yuko wapi? Njiwa akarudi na neno la Jemadari: hayupo, wala hajawahi kuwapo.

"Hilo si jibu," akasema Korongo. "Desturi inataka mahali."

Basi akaruka mwenyewe, na miaka yake yote mgongoni. Akaenda kwa walimu wenzake. Akaenda kwa heroe, wanaofundisha magadini, kwenye maziwa ya chumvi, ndani ya mwanga wa waridi. Akaenda kwa nyumbu, ambao shule yao hutembea. Akasimama ufukweni, akainamisha mdomo majini, akamnong'oneza nyangumi, mwalimu wa chini kabisa, kusiko na asubuhi wala jioni. Wote wakaliita jina. Magadini, Siwema, kimya. Nyikani, Siwema, na nyumbu wote wakasimama. Kilindini jina likapanda ndani ya mapovu, likapasuka juu, likabaki linaelea. Hakuna aliyejua yuko wapi. Kimya kikaungana na kimya, nchi hadi nchi, na kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Huko Bondeni Jemadari alikuwa na shida yake. Mvua ilikuwa haikatiki, askari wake wameanza kuota ukungu wa kijani migongoni. Wakaanza kuulizana, umande gani huu? Jemadari akaona kwamba neno lake limekuwa na pembe tu, halina miguu. Akawaita walimu wa nchi zote. "Njooni mle, mnywe, kisha mseme mbele ya watu kwamba huu ni umande. Nyie ni wasomi, mtaaminiwa."

"Tusiende," akasema Bi Mbayuwayu. "Tukikaa mezani pake tumelipa neno lake miguu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. "Bi Mbayuwayu, mkutano wa walimu hufunguliwa vipi?"

Bi Mbayuwayu akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Bondeni, akatabasamu.

Wakaenda. Walimu wa nchi zote, isipokuwa nyangumi aliyebaki kilindini, wakaketi kuizunguka chemchemi, mvua inawanyeshea. Wanyama wa Bondeni wakajaa miteremkoni. Askari wakapangwa mistari. Jemadari akapanda juu ya kichuguu. "Haya, wasomi, semeni."

"Kwa desturi," akasema Bwana Korongo, "huanza kuitwa majina."

Jemadari akatunisha kifua, akijua litaanza lake. Korongo akampa ishara Bi Mbayuwayu. Bi Mbayuwayu akaita kwa sauti yake ndogo.

"Siwema."

Kimya.

"Siwema yuko wapi?"

Walimu wote wakaitikia kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti ya kwao, "Siwema yuko wapi?"

Mlangoni mwa boma la miiba alisimama askari kijana, nyati aitwaye Kombo. Kombo alipokuwa ndama alisoma kule mwambani. Alikaa nyuma ya Siwema. Alibana meno. Akatazama mbele, kama alivyofundishwa na Jemadari. Lakini kabla ya Jemadari alifundishwa na mwingine, na swali lile alikuwa amelijibu asubuhi nyingi za utoto wake. Jibu likampanda kooni, likatoka kabla hajalizuia.

"Yuko bomani, Mwalimu. Nyuma ya chemchemi."

"Nyamaza," akanguruma Jemadari.

Lakini ndani ya miiba ikasikika sauti nyembamba. "Nipo."

Bi Mbayuwayu akaita jina la pili. Nipo. Akaita la tatu. Nipo. Mama swala akasikia sauti ya mwanawe, akakaa chini topeni, akalia. Nipo, nipo, nipo, kutoka kila pembe ya boma.

"Mbaruku."

Kimya.

"Mbaruku yuko wapi?"

Kombo akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa ardhi. "Tulimkanyaga, Mwalimu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele."

Jemadari akapiga kwato. "Askari, wakanyageni hawa wote." Askari wakatazamana. Kila mmoja wao alikuwa ameona kwamba kinachouliziwa hapa hakifichiki tena, na kesho ataulizwa yeye. Hakuna aliyeinua kwato. Kombo akaingiza pembe kwenye miiba, akaivuta kando, miiba ikamchana uso, akaendelea kuvuta. Wakatoka wamekonda, wanapepesa macho kwa mwanga. Siwema akaja akasimama mbele ya mwalimu wake, naye Bi Mbayuwayu akatua juu ya kichwa chake.

Jemadari hakupigwa. Aliachwa peke yake kwenye kichuguu, na alipochoka kulowa akaondoka. Kikao kikarudi.

Kesho yake shule ikafunguliwa mwambani. Kombo naye alikuja, mkubwa mno kwa darasa lile, akakaa nyuma kabisa. Wengine walimwogopa, na wengine walimchukia, na hawakulaumiwa. Bi Mbayuwayu akaita majina. Nipo, nipo, nipo. Akalifikia la Mbaruku. Angeweza kuliruka. Hakuliruka.

"Mbaruku. Yuko wapi?"

Kombo akasimama. "Tulimkanyaga, Mwalimu."

Kesho akasimama tena, na kesho kutwa, na asubuhi zote zilizobaki za maisha yake. Na Ng'ambo ya Mchanga, na magadini, na nyikani, na kilindini, hadi leo jina hilo huitwa. Vijana ambao hawakumwona kware yule hata siku moja husimama wakajibu: alikanyagwa Bondeni, kwa kusema mvua imenyesha. Ndipo masomo huanza.

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa wadogo. Wenzako wakinyamazishwa, nawe uko mbali, usiseme ya kwao ni ya kwao. Waite kwa majina. Uliza wako wapi, uulize mpaka ujibiwe.

Hadithi yangu naishusha hapo. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni.