Ngumi ya Chande

Mzee Mselem, tajiri wa kijiji na mbabe wa bao, alimkamata mbuzi wa Chande akitafuna mihogo yake. Akachota kete baoni, akazifumbata, akamtega Chande.

"Weye, nikizipanga hizi mbilimbili, itabaki moja au haibaki? Ukikosea, mbuzi mchuzi!"

"Kubahatisha ni uvivu, mzee wangu," Chande akajibu, naye akachota baoni, akafumba ngumi. "Zako ikibaki moja, nilichoshika kitaipa mwenza. Zikitimia zote, kitazivuruga."

"Bila kuziona zangu? Ukiweza, mchukue mbuzi, na mihogo juu!"

Mselem akazipanga. Ikabaki moja.

"Haya, fumbua!"

Chande akafumbua. Kete moja tu.

"Na zangu zingetimia?"

"Hii ingebaki peke yake, mzee. Kamba ya mbuzi iko wapi?"