Maji ya Mchana Msituni Burma

Wamesimulia waliorudi salama kutoka vita vya Burma, Mwenyezi Mungu awarehemu waliobaki huko, kwamba miongoni mwa askari wa Tanganyika alikuwamo Mzigua mmoja wa Pangani, jina lake Mwinjuma, mbeba machela, mpole wa maneno na mkali wa ibada. Tangu abaleghe hakupata kula mchana wa Ramadhani hata siku moja. Mwezi ulipowakuta msituni alifunga vilevile. Wenzake walipomkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa, alijibu, "Ruhusa naijua. Anayeihitaji na aitumie."

Alikuwa na mtani wake, Hatibu, Mnyamwezi wa Tabora. Naye alifunga, nusu kwa imani, na nusu, walivyosema wenzao, asije akachekwa na Mzigua.

Adhuhuri moja kikosi kilishambuliwa kwenye mianzi. Wote waliwahi kujificha nyuma ya ukingo wa kijito isipokuwa Hatibu, aliyeangukia mahali peupe, paja limechanwa na risasi. Sajini akakataza mtu yeyote kutoka kabla ya giza.

"Afande," Mwinjuma akasema kwa adabu, "magharibi hiyo hataifikia."

Sajini akamtazama, kisha akageuza uso. Mwinjuma akatambaa na chupa yake ya maji, huku risasi zikikata majani juu ya mgongo wake. Alipofika alilifunga lile paja, akajilaza upande wa adui ili kama ni risasi imkute yeye kwanza. Jua lilikuwa kali, na midomo ya Hatibu ilikuwa imepasuka kwa kiu. Akamsogezea chupa. Hatibu akafumba kinywa.

"Nimefunga."

"Mgonjwa ana ruhusa, mtani wangu. Mola mwenyewe kaitoa."

"Hata wewe unayo, mbona hunywi? Ukafike Pangani useme Mnyamwezi kala mchana, Mzigua kafunga."

Sauti ilikuwa inafifia. Mwinjuma aliumia moyo kweli kweli, maana miezi yote ile hakujua kwamba kuna mtu anajipima kwake, na sasa mtu huyo anakufa kwa kumwonea haya. Funga ile aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Akasema Bismillahi, akanywa funda moja, machozi yakimtoka.

"Haya, nimekula mchana. Pona ukaitangazie Tabora nzima."

Hatibu akacheka kidogo, akafungua kinywa, akanywa.

Walilala hivyo, kichwa cha mmoja juu ya mkono wa mwenzake, hadi giza lilipoingia na machela ikawafikia. Baadaye Sajini alimuuliza Mwinjuma kama hakuogopa.

"Risasi niliziogopa, afande, kama kila mtu. Ila lile funda la maji lilikuwa zito zaidi."

Funga ya siku ile aliilipa Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, akiwa ameketi kando ya kitanda cha Hatibu hospitalini. Hatibu alikuwa bado mgonjwa, na safari hii alikunywa uji wake mbele ya Mwinjuma mpaka akalamba bakuli.

Ndugu zangu, tumwombe Mola atujaalie ibada ambayo mwenye kiu hataona haya kunywa maji mbele yake.