Simba na Joto la Feni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na feni!

Feni ikiwa nzima husemaje?

Vuuu!

Ikiumwa je?

Krrr, krrr, tak!

Haya, mmeshaijua. Sogeeni basi, na wewe wa nyuma acha kutafuna, maana humu ndani kuna wanaoliwa.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa kuwa umeme ulishafika, wanyama wa bondeni walikuwa na kompyuta moja. Kazi yake kupanga zamu za kisimani. Leo swala, kesho nyumbu, keshokutwa ngiri, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Nyuma ya kompyuta palikuwa na boksi la umeme, na ndani ya boksi feni ya kulipoza.

Asubuhi moja ya baridi Simba akapita nyuma ya ile kompyuta, akasikia joto shingoni. Akalipenda. Akalala palepale, akaegemeza manyoya yake ya shingo kwenye boksi, akasema, "Joto hili ni langu." Tangu siku hiyo zamu zikakoma, kisimani ikawa vurugu tupu, na wanyama wakawa wanakufa kwa kiu. Simba akiegemea, joto linazidi, feni inakoroma krrr, krrr, tak. Kisha kompyuta inazimika, puu. Simba ananguruma, anaita fundi.

Fundi wa tatu kuitwa alikuwa Bi Mjusi. Alikuwa ameacha mayai mawili kwenye ufa wa ukuta, na njia nzima aliyafikiria hayo tu. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta akakuta mkia wa Kuchakuro, fundi wa kwanza. Hatua mbili mbele akakuta masharubu ya Buku, yule panya mkubwa, fundi wa pili. 

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Kuchakuro nilimwita, akasema hajui ugonjwa. Nikamla. Buku nilimwita, akaniambia nisogee, akaitengeneza, ikavuma vizuri. Lakini joto likaisha. Nikamla. Nikalala tena hapa, joto likarudi, na kuzimika kukarudi. Mimi nataka isizimike na joto libaki. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana mkubwa."

Alisikia, na alitaka kulia. Akachomoa waya ukutani. Akangoja, maana boksi la umeme huwa na umeme tumboni hata likichomolewa. Akanusa: harufu ya kuungua. Akachungulia kwenye wavu wa feni. Nywele ndefu, za rangi ya majani makavu, zimejiviringa kwenye feni mpaka haizunguki. Bi Mjusi akazijua ni za nani.

Sasa fikirieni wenyewe. Akisema hajui, ataliwa. Akitengeneza, feni itasukuma joto lote nje, hewa itakuwa baridi, ataliwa. Akisema, "Bwana, ugonjwa ni wewe," ataliwa kabla hajafika kwenye "wewe".

Nyuma yake pumzi ya Simba ilinuka nyama. Haaa. Haaa.

"Bwana mkubwa," akasema, "kuna mwizi."

"Wa nini?"

"Wa joto lako. Ni haya manyoya ya shingoni. Joto likitoka kwenye boksi yanalinywa yenyewe, wewe yanakuachia makombo."

Simba akayashika manyoya yake. Maisha yake yote alikuwa hajala makombo ya mtu.

"Yakinyolewa?"

"Litakugusa wewe tu."

"Nyoa."

Bi Mjusi akachukua mkasi wake wa kukatia waya, akapanda shingoni. Kwachu, kwachu. Chini ya tumbo lake alilisikia koo la Simba likimeza mate. Kwachu, kwachu. Aliogopa mpaka miguu yake, ile inayoshika dari, ikaanza kuteleza. Alipomaliza akashuka, akazing'oa zile nywele kwenye feni moja moja kwa meno, akarudisha waya ukutani.

Tik. Vuuu.

Simba akaweka shingo yake tupu nyuma ya boksi. Hewa ikatoka, safi na ya baridi. Akatetemeka mwili mzima.

"Joto langu liko wapi?"

Mayai mawili, akawaza Bi Mjusi. Mayai yangu mawili.

"Hukulishika, bwana mkubwa. Limekupita shingoni, likatoka mlangoni. Sisi mijusi tunalijua joto hata likijificha. Limekimbilia lile jiwe jeusi kule mlimani. Ukichelewa litakuacha."

"Ukinidanganya nitarudi."

"Nitakuwepo, bwana mkubwa."

Simba akatoka mbio, pata pata pata. Jua lilikuwa utosini. Akaligusa jiwe, kweli, linachoma. Akalilalia, akasema, "Langu." Jua likashuka, jiwe likapoa. Simba akainuka amekasirika: joto limekimbilia jiwe la mbele. Akalifuata. Nalo likapoa. Akafuata la mbele yake. Mpaka leo hajarudi, na wanyama wakarudi kwenye zamu zao. Bi Mjusi hakulala siku tatu. Kila mara feni ilipobadili sauti kidogo, moyo wake ulisimama.

Mimi hadithi nimeifunga, ufunguo nimeutupa kisimani, anayeutaka afuate zamu.

Na funzo lake, watoto: fundi amwambie mkubwa ukweli, atengeneze anachoambiwa, ataishi miaka mingi. Anayebisha amuulize Buku.