Mahindi Meupe ya Wilburn

Katika wilaya ile ya magharibi mwa Texas hapakuwa na mahindi yaliyosifiwa kama ya Wilburn Tackett. Yalikuwa meupe pe, na mara tatu mfululizo yalitwaa utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya wakulima. Mahindi ya manjano, kwa Wilburn, yalikuwa chakula cha wavivu. Ukame ulipokausha nyasi zote, nguruwe wake walikula hayo meupe tu, kutwa kucha, mwaka mzima.

Masika yalipofika, Dovie alizaa. Huyo alikuwa nguruwe jike ambaye Ora, mkewe Wilburn, aliachiwa na marehemu mama yake, na alimpenda kupita kiasi. Watoto walikuwa kumi na mmoja, wazima wa miguu na masikio, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho. Walitafuta titi kwa kupapasa. Hawakumaliza wiki.

"Damu mbovu hiyo," alisema Wilburn. "Baridi ikianza, tunamchinja."

"Amezaa mara nne bila dosari. Damu imeoza lini?"

"Unamtetea mzazi wa vipofu?"

"Namwambia mwenye macho asiyeona."

Ora alikwenda mjini kwa afisa mifugo, Bwana Sturdivant, ambaye aliuliza swali moja tu: wanakula nini? Alipojibiwa, alishusha pumzi.

"Macho ya mtoto huundwa mimba ikiwa changa, Bibi Tackett, na hayaundiki bila vitamini A. Imo kwenye majani mabichi, na kidogo kwenye mahindi ya manjano. Kwenye meupe haimo. Mimba ikishakua umechelewa, hata umlishe bustani nzima. Anza kabla hajapandwa."

Wilburn aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. "Yaani nilipewa utepe kwa kupofusha nguruwe?" Hata hivyo alikubali uzao mmoja wa mwisho, kwa dume lilelile. Akitokea kipofu hata mmoja, Dovie angekwenda kisuni.

Ora alibadilishana mahindi na jirani, gunia kwa gunia, meupe kwa manjano. Jirani alidhani mama wa watu amerukwa na akili. Ora akaongeza majani mabichi ya lusini, miezi miwili kabla ya kupandwa na siku zote za mimba.

Wiki moja kabla ya baridi, Dovie alizaa kumi na wawili. Ora alisimama mlangoni mwa banda. Wilburn aliwainua mmoja mmoja, akawageuza kwenye jua. Kisha akamweka chini wa mwisho.

"Wananitazama, Ora."

"Watakuzoea."

Msimu uliofuata, shamba la mbele, lile linaloonekana kutoka barabarani, lilipandwa mahindi ya manjano. Majirani walipomuuliza Wilburn kulikoni, hakujitetea. Meupe yalikuwa na kila sifa, isipokuwa ile ambayo mtoto aliye tumboni hawezi kuumbika bila hiyo. Na ndivyo ulivyo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.