Bi Pimbi na Ngao Zilizovunjika

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Hiyo ndiyo pakawa? Mmeitika kama mliokosa chakula cha mchana. Na nyie wakubwa kule nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ngiri na nyani walikuwa na vita. Waligombea nini? Maji. Chemchemi moja tu, chini ya mwamba. Na juu ya mwamba aliishi Bi Pimbi. Yeye hakuwa wa huku wala wa kule. Kazi yake kuota jua na kutazama mambo ya watu.

Kila upande ulikwenda vitani na ngao arobaini. Za ngiri zilipakwa udongo mwekundu. Za nyani zilipakwa majivu. Na sheria ya vita ya nchi ile ilikuwa hii: aliyepoteza zaidi ya nusu ya ngao zake, anahama. Hapigani tena, habishi, anabeba watoto anakwenda zake.

Wakapigana. Pa! Pu! Kacha! Vumbi likatimka, jua likafichika. Kisha nyani wakapanda mitini, ngiri wakakimbilia mashimoni. Mnajua ngiri anavyoingia shimoni? Kinyumenyume, anatanguliza matako! Msicheke, ndivyo alivyo. Aliyebaki na ngao akazibia mlango, akajikunyata humo kimya.

Wiki ikapita. Nyani Mkuu akasimama juu ya tawi, akajipiga kifua.

"Tumevunja ngao thelathini za ngiri! Sisi tumepoteza mbili tu, tena zilikuwa mbovu! Keshokutwa adhuhuri, ngiri wote wawe wamehama!"

Huko mashimoni, kila mwenye ngao akajisemea: "Mama wee! Kumbe tumebaki kumi tu!" Hakuna aliyethubutu kutoka.

Ngiri Mkuu naye akapiga kelele kutoka shimoni kwake: "Uongo! Sisi ndio tumevunja zenu! Zote! Hata moja haijabaki!"

Huyu anajisifu, yule anajisifu. Nani mkweli? Hakuna.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa kingiri, Bi Mashavu. Watoto wake bado wadogo sana. Akamwendea Bi Pimbi huku analia.

"Shangazi, tunafukuzwa. Ng'ambo ya bonde hakuna maji, na hawa wanangu hawafiki, watanifia njiani. Ni kweli ngao zetu zimekwisha?"

"Sijui, mwanangu. Wewe unajua?"

"Nimesikia tu."

"Basi twende tukatazame."

Bi Pimbi akapaza sauti: "Enyi wapita njia wote! Mwenye macho aseme alichokiona! Lakini anipeleke, nami nikione!"

Akaja Tumbusi. "Nimeona ngao nyekundu, imepasuka, karibu na kichuguu."

Akaja Kunguru. "Nami nimeona nyekundu, imepasuka, karibu na kisiki."

"Nipelekeni."

Wakaenda, wakaenda, wakafika. Kumbe kichuguu na kisiki vinatazamana, na ngao iko katikati! Mmoja kaiona kwa huku, mwingine kwa kule. Bi Pimbi akaweka kokoto moja.

Kunguru akanuna. "Na yangu je?"

"Yako ndiyo hiyo hiyo. Kwani imevunjika mara mbili?"

Akaja Kanga, mbio mbio, kelele nyingi. "Kule kwenye kichaka cha miiba zimejaa tele!"

"Umeziona?"

"Nimeambiwa."

"Basi aliyekuambia aje mwenyewe."

Bi Pimbi akazunguka hivyo mchana kutwa, ngao nyekundu na za majivu, kila iliyovunjika na kokoto yake. Siku ya pili, jua kali, kila mtu amelala kivulini. Bi Pimbi anapita njiani, anaona lundo la ngao nyekundu. Jana halikuwepo! Na nyani watatu wamekaa kando, wanajikuna.

"Hesabu, bibi," wakasema. "Si hizo hapo?"

Bi Pimbi akainua moja. Akatazama chini yake. Akainua nyingine. Akatazama.

"Ngao iliyolala wiki nzima, nyasi chini yake huwa zimepauka. Hizi mbichi kabisa! Na kila ngiri huing'ata ngao yake ukingoni, iwe alama. Hii ni ile ya kichuguuni. Hii niliiona bondeni. Mmezikokota, hamna haya!"

Wanyama waliolala kivulini wakaamka, wakaangua kicheko. Kwa! Kwa! Kwa! Nyani wakatia mikia yao katikati ya miguu.

Keshokutwa ikafika, adhuhuri. Wanyama wote mwambani. Bi Pimbi akasimama.

"Ngao za ngiri nilizoziona zimevunjika ni kumi na moja. Za nyani, ishirini na mbili."

"Uongo!" akafoka Nyani Mkuu.

"Ziko pale pale. Mwenye miguu aende akatazame."

Wakaenda. Wakarudi. "Zipo!"

Ngiri Mkuu akadakia: "Si nilisema? Zote!"

"Nyamaza na wewe. Zote uliziona lini, nawe umejichimbia shimoni?"

Lakini Nyani Mkuu si mjinga.

"Bibi, umehesabu ulizoziona. Na usizoziona? Kwenye miiba hukuingia. Huenda zao ni thelathini kweli!"

Wote wanamtazama Bi Pimbi. Angeweza kudanganya. Nani angejua?

"Kweli," akasema. "Kwenye miiba sikuingia. Kumi na moja hazipungui, lakini huenda zikazidi. Zenu pia huenda zikazidi. Ila nyie, kwa hizo nilizoziona tu, nusu mmeshaivuka."

"Basi tukihama, na wao wahame!"

Bi Mashavu hakungoja. Akakimbilia shimo la kwanza, akagonga ngao. Ngo ngo ngo!

"Toka, mwanamume! Zilizoonekana ni kumi na moja, si thelathini! Toka nayo!"

Pu! Akatoka mmoja, ngao juu. Akatazama kulia. Pu! Akatoka wa pili. "Ala! Na wewe unayo?" "Na wewe?" Pu! Pu! Pu! Kilima kizima kikawa chekundu. Wengine wanacheka, wengine wanalia, wanakumbatiana na mavumbi yao.

Wakahesabiwa mbele ya wote. Ishirini na tatu!

"Kumbe zimevunjika kumi na saba," akasema Bi Pimbi. "Sita zilinipita. Sasa nazijua."

Wanyama wakapiga vigelegele mpaka mwamba ukaitika. Nyani wakahama siku ile ile, Nyani Mkuu mbele, hageuki nyuma. Na watoto wa Bi Mashavu wakatumbukia kwenye chemchemi, chubwi! Wakanywa maji mpaka yakawatokea puani, na mama yao akasimama pale anacheka na machozi yanamtoka.

Mmesikia? Wakati wa vita, usimwamini anayejisifu, wa kwenu wala wa kwao. Muulize: umeona nini, umeonea wapi, na nani mwingine ameona? Na anayehesabu kwa haki, asichokijua anakisema pia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Atakayeitia chumvi, aje anionyeshe aliitoa wapi.