Ghala Lililonyamaza

“Ghala likinyamaza, usiseme li tupu.” Maneno hayo mmeyasikia leo kwa wauguzi kule zahanati, mkacheka, mkidhani ghala ni la mahindi. Kaeni, wajukuu zangu. Chanzo chake ni hiki.

Katika hospitali moja ya milimani kila chumba kilikuwa na programu yake ya kompyuta. Ya maabara ilijua makundi ya damu ya wagonjwa. Ya ghala la damu ilijua mifuko iliyomo kwenye friji. Ya magari ilijua gari lipi lipo. Hazikujuana hata kidogo. Nesi akitaka damu, alizunguka vyumba vyote vitatu kama mtu anayeomba moto siku ya mvua.

Hospitali ikamwita Sekela, fundi wa programu. Sekela hakuvunja hata moja. Alitengeneza ya nne, ikasimama juu ya zile tatu. Nesi akiandika jina la mgonjwa, hiyo ya nne hupeleka maswali kila chumba, hukusanya majibu, kisha huonyesha neno moja wodini. Ni kama pilau ya arusi: sufuria ya huyu, mchele wa yule, kuni za jirani, na mgeni anaona sahani tu. Kila chumba kilipatana naye kiulizwe vipi na kijibu vipi. Jambo moja tu Sekela alilipita mbio: je, chumba kimoja kisipojibu? Akaamua peke yake. Dakika ikipita bila jibu, iandikwe HAKUNA.

Miezi ikapita, akasifiwa sana.

Siku moja alifika kukagua kazi yake, akamkuta Subilaga, aliyejifungua muda si mrefu, anapandishwa garini, shuka limelowa damu.

“Anapelekwa wapi, dada?” akamuuliza Nesi Atupele.

“Mjini. Damu hakuna.”

“Nani kasema?”

“Si mashine yako? Sisi siku hizi tunakusikiliza wewe.”

Sekela akaiendea kompyuta, akatazama majibu moja moja. Maabara ilijibu. Magari yalijibu. Ghala halikusema neno tangu asubuhi. “Msiondoke,” akasema, akakimbia kuvuka ua.

Mzee Kajuni, mtunza ghala, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Juu yake mafundi waligonga bati.

“Kundi O? Ipo mifuko sita,” akasema. “Hawa wa paa wamenikatia waya wa mtandao tangu asubuhi. Nami nikasema, leo kweli watu ni wazima, hakuna anayeuliza. Mbona umechelewa, mwanangu?”

Subilaga akatundikiwa damu, akapona. Mwanawe sasa yuko darasa la tatu. Lakini asubuhi ileile mzee mmoja alikwisha pelekwa mjini kwa neno lilelile, akakata roho njiani.

Sekela alikwenda matangani, akakaa chini na wafiwa, akasema kosa ni lake. Mjane wa yule mzee akamwambia, “Mwenzako hakusema, wewe ukamsemea. Usirudie.”

Hakurudia. Alilifuta lile HAKUNA, akaandika: GHALA HALIJAJIBU, NENDA UKAULIZE. Wauguzi wakalisema kwa namna yao, likatoka hospitali hadi hospitali, mpaka likafika kwetu. Basi mkimwona nesi analitamka huku anavuka ua mbio, mpisheni njia. Ghala likinyamaza, usiseme li tupu.