Ghala la Magunia Mepesi

Mfano huu aliutoa kwanza katekista Elieza Mlewa, Julai 1988, siku ya tatu ya matanga ya dada yake. Alianza hivi.

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo usiokuwa wake. Jina lake Yoeli Chibago, mmoja wa watunza ghala watatu wa kijiji. Mlango ulikuwa na kufuli tatu, na haukufunguka mpaka wote watatu wawepo. Baada ya mavuno kila nyumba ilileta gunia la uwele, liwe akiba ya mwaka wa njaa. Chibago ndiye aliyepokea. Kwa desturi alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, akainua uwele kiganjani mbele ya mwenyewe, akasema, “Nimepokea.” Hapakuandikwa kitu. Neno hilo lilitosha.

Mwaka mmoja Chibago alishtakiwa mahakamani wilayani kwamba aliiba saruji ya kujengea zahanati. Kijijini hakuna aliyejua kama ni kweli. Mama Ndahani, dada wa mkewe, mtunzaji mwenzake na mwenyekiti wa ghala, alimwendea nyumbani.

“Shemeji, niachie ufunguo mpaka kesi iishe. Sikuhukumu. Nakupumzisha tu.”

“Nikikuachia, nimekiri mwenyewe kuwa mwizi,” Chibago akajibu.

Mama Ndahani aliona haya kusisitiza, maana walikuwa ndugu. Akanywa uji aliokaribishwa, akaondoka.

Mavuno yakafika, na watu wakaja kama siku zote. Wa kwanza alikuwa Mbeho, jirani yake. Chibago alipozamisha mkono, juu alikuta uwele. Chini mkono ulipita kwa urahisi mno, kama unaingia kwenye manyoya. Makapi matupu.

“Gunia jepesi hivi, Mbeho, au nimepata nguvu uzeeni?”

“Nguvu zako tunazijua wote, mzee mwenzangu,” Mbeho akasema. Alikuwa akitabasamu, na hakupepesa macho.

Chibago alielewa kwamba akiuliza swali moja zaidi atajibiwa lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kikijizuia kulisema. Akainua uwele wa juu. “Nimepokea,” akasema. Gunia la pili likawa vilevile, na la tatu, hadi la mwisho, na kila mwenye gunia alimtazama usoni na kumsalimu kwa heshima. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo. Ghala likajaa hadi kwenye paa. Panya wakahama. Chibago akiingia mle mchana na watunzaji wenzake, magunia yalitoa mchakacho pande zote, kama watu wengi wanaovuta pumzi pamoja, wakimsubiri atoke. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwaka wa tatu mvua haikunyesha kabisa. Wiki ileile mahakama ikatoa hukumu: aliyeuza saruji ni dereva wa lori, Chibago hana hatia. Alirudi na karatasi yake mkononi, akakuta kijiji kizima mbele ya ghala, wamekuja kuchukua akiba.

Kufuli tatu zikafunguliwa. Mama Ndahani akamimina gunia la kwanza. Ulianguka uwele kidogo, kisha makapi, na upepo ukayachukua yakapita juu ya vichwa vya watu. Akamimina la pili. Akamimina la kumi. Hakuna aliyelia wala kushangaa. Kila mmoja aliacha kutazama gunia lake, akageuka polepole kutazama la mwenzake, maana kila mmoja alikuwa ameficha uwele wake, akaula, na kutegemea kwamba wengine wameleta wa kweli.

Mahakama ilimhukumu dereva peke yake, lakini ghala lilikuwa limehukumiwa tangu siku ile ufunguo ulipobaki mikononi mwa Chibago.

Mbeho alikufa kabla ya mwaka kuisha, pamoja na watoto wake wawili. Mama Ndahani alifuata baada ya miezi minne. Mtunzaji wa tatu alihama, na habari zake hazijulikani. Chibago yu hai hadi leo, na hakuna hata mtu mmoja anayesema kwamba aliiba.